Mkufu wa Meya na Mtamba wa Shangazi

Kwa miaka mingi niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua hutokea upande wa Kenya, kuwa meya wa Uingereza huvaa barabara shingoni.

Na siyo barabara tu. Maji, taa za mitaani, makaburi, shule, takataka, vyote viko kwenye mkufu wake wa dhahabu. Kila pingili ya mkufu ni huduma moja. Mwananchi akiwa na shida anamwendea meya, anaeleza, na meya akiridhika anachomoa pingili moja anamwekea mkononi. Pingili ile unaipeleka kwa mkurugenzi, mkurugenzi anaipokea kwa mikono miwili, na kesho yake asubuhi greda linanguruma mlangoni kwako hata chai hujanywa. Kazi ikiisha, pingili inarudi shingoni kwa mwenyewe.

Aliyeniambia haya nilisoma naye masomo ya jioni pale Tarime mjini. Alikuwa muuza simu, anavuka mpaka pale Sirari kila wiki na kurudi na maneno mengi kuliko bidhaa. Alinionyesha picha: mzee wa Kizungu, joho jekundu, mkufu unaning'inia hadi kitovuni. Nikamwuliza mbona mzito hivyo. Akanijibu, "Manispaa nzima hiyo. We ulitaka iwe nyepesi?"

Sasa jibu kama hilo utalipinga vipi? Uongo ukifanana na mambo ya kwenu hauulizwi kitambulisho. Kwetu mtu mwenye neno anaonekana. Kwenye litongo, ule mkutano wetu wa kimila, hata mgeni aliyeshuka kwenye basi dakika hiyo atajua nani akikohoa watu wananyamaza. Mtu avae dhahabu kifuani halafu asiwe na mamlaka ya kuhamisha hata jiwe? Akili yangu haikuwa na chumba cha kuliweka wazo hilo.

Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo hayo ya jioni, mvi zikiwa zimeshaanza kunichungulia. Kiingereza nilikipata, tena cha kutosha. Nilikuwa nakisema kwa sauti kubwa mno, kiasi kwamba mbwa wa jirani walishajua kukaa na kusimama. Kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Nyarero, mtu akitaka kujua jambo lolote la ng'ambo alinijia mimi. Sikumbuki kumwambia mtu hata mara moja kwamba sijui.

Ndiyo maana shangazi yangu alinijia.

Shangazi, dada yake baba, anakaa ng'ambo ya kijito. Kijito chenyewe wakati wa kiangazi ni aibu kukiita kijito, kuku anavuka bila kulowesha goti. Lakini mvua zikinyesha kwenye vilima kinageuka kuwa kitu kingine kabisa, kinabeba mawe, kinabeba migomba na mikungu yake, na magogo mawili tuliyoyalaza kama daraja kinayachukua kila mwaka kama mtu anayekusanya kuni zake. Shangazi anauza ndizi na maziwa sokoni Nyarero. Maji yakijaa, ndizi zinaivia ndani na maziwa anakunywa paka.

Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa aliyezeeka, na binti wa ng'ombe huyo, mtamba mweusi mwenye baka jeupe begani, akiwa na mimba yake ya kwanza. Mama yake akikauka maziwa, mtamba ndiye atakayeshika nafasi. Maisha yote ya shangazi yalikuwa yamesimama juu ya ile miguu minne myembamba. Hilo nililijua. Kila mtu alilijua.

Habari zikaja kwamba shule yetu ya msingi itapata wageni. Watoto wetu walikuwa wakiandikiana na watoto wa shule moja ya mji mdogo Uingereza, na sasa watu wa manispaa ya mji ule, waliokuwa wakitembelea hifadhi upande wa Robanda kwa gharama zao wenyewe, wangepita kutusalimia. Meya angekuwepo. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameitwa semina Musoma, kwa hiyo mwalimu mkuu, mtu wa Lindi mpole sana, akaniomba niwe mkalimani. Nilimjibu kwamba nitajitahidi. Moyoni nilikuwa nimeshavaa suti.

Jioni hiyo shangazi akavuka kuja kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akaniuliza kama ni kweli anakuja yule mtu wa mkufu. Maana habari za mkufu nilikuwa nimeshazieneza hadi Susuni, na kila nilipozisimulia mkufu uliongezeka uzito. Siku hiyo ulikuwa umefikia kubebwa na vijana wawili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Akaniambia diwani wetu amemweleza kuhusu daraja. Ombi limepita mkutano wa kijiji, limepita kamati ya maendeleo ya kata, limefika halmashauri, na sasa liko kwa wakala wa barabara za vijijini linasubiri bajeti. Diwani alimwambia asichoke, aendelee kuja mikutanoni na kulisema.

Nilicheka. Nilimwambia kusubiri hivyo ni kuchota maji kwa chekecheke. Kwamba Uingereza hawana safari hizo zote, kule ni pingili tu. Akauliza kama mgeni akiombwa anaweza kuacha pingili moja huku. Nikafikiri kidogo, kwa sababu hata mimi nina dhamiri, nikasema sioni kwa nini ishindikane. Ila mtu mkubwa haombwi kwa mikono mitupu.

Hilo la mikono mitupu hakuhitaji mtu wa masomo ya jioni kumwambia. Kwetu ng'ombe akitoka zizini mwako kwenda kwa mwenzako, amefunga kitu kati yenu ambacho mvua haikifuti. Akaangalia upande wa kijito kana kwamba anakiona kupitia ukuta. Kisha akasema, "Basi nitampa mtamba."

Ningeweza kusema neno pale. Nilisema, "Hapo umefikiri, shangazi."

Siku ilipofika, shule ilikuwa imefagiliwa hadi udongo ukakaribia kutoa damu. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na kijiji kizima kikaja kuona kama shingo ya binadamu inaweza kweli kubeba mzigo ule. Magari mawili yakaingia.

Meya alikuwa mama mfupi, wa umri wa shangazi hivi, kofia ya jua kichwani na viatu vya kutembelea porini. Na mkufu alikuwa nao. Si ule wa kubebwa na vijana wawili, lakini ulikuwepo, unameta, na pingili zake nilizitambua moja moja kama mtu anayewaona ndugu zake stendi. Watu wakanigeukia. Wengine walinitikisia kichwa kwa heshima. Sijawahi kuwa mrefu kama nilivyokuwa dakika ile.

Nyuma yake alishuka mwanamume mwembamba, sweta limechakaa viwikoni, kabeba begi lake mwenyewe. Kubeba begi mwenyewe kulinitosha. Nilimshika mkono kwa upole nikampeleka nyuma ya darasa la tatu walikokuwa madereva, nikaagiza apewe sahani ya nyama na kichuri, mchuzi wetu mchungu wa matumbo. Akashukuru, akakaa kwenye tofali, akala. Nilimwona kwa mbali anaomba nyongeza, nikasema moyoni huyu dereva wamempata.

Chini ya turubai mazungumzo yalikwenda vizuri. Diwani wetu, ambaye aligombea na kushindwa mara kadhaa kabla ya kushinda na kwa hiyo haogopi kuuliza, aliuliza kule kwao mkurugenzi anapewa kazi na nani. Meya akasema madiwani ndio wanaomwajiri. Nikatafsiri. Diwani, aliyezoea mkurugenzi wa kuteuliwa na Rais, akaomba nirudie. Nikarudia. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wa jirani wanataga.

Mtu mwingine akauliza manispaa inafanya nini hasa. Meya akasema jambo ambalo watu wanalijua zaidi ni takataka. Kila nyumba ina mapipa, hili la uchafu wa kutupwa, lile la vitu vya kutumika tena, na siku ya gari kupita inajulikana. Gari lisipopita, simu za diwani haziachi kulia. Kisha akataja nyumba za kupangisha watu wasio na kwao, bustani, makaburi, uchaguzi, na vibali vya ujenzi. Mtu akitaka kupanua jiko lake, wakati mwingine lazima aombe, na jirani ana haki ya kupinga. Hapo kijiji kilicheka hadi turubai likapepea. Mama mmoja akasema jirani yake angepinga hata akipanua mdomo kupiga miayo.

Mzee mmoja akauliza kuhusu barabara. Meya akatabasamu akasema ndiyo malalamiko wanayoletewa kila siku, mashimo, na kila siku wanajibu kwamba barabara si zao, ni za kaunti, ile halmashauri kubwa iliyo juu yao. Shule pia ni za kaunti.

Nilitafsiri kila neno, kwa uaminifu. Lakini sikuamini hata moja.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mahali pengine anaweza kuniona mjinga wa kawaida, na mimi sikuwa wa kawaida. Kwetu mwenye ng'ombe hawahesabu mbele za watu. Ukimkuta mzee ambaye zizi lake likifunguliwa vumbi linafunika jua, ukamwuliza ana ng'ombe wangapi, atakwambia ana vijikia viwili vitatu vya kufukuzia nzi. Masikini ndiye anayetaja idadi. Kwa hiyo Meya aliposema barabara si zangu, nilimwelewa vizuri sana. Aliposema shule si zangu, heshima yangu kwake ikapanda. Kadiri alivyokana ndivyo alivyozidi kutajirika machoni pangu, na angekana hata mapipa ya taka ningemwona mfalme.

Ikafika zamu ya zawadi. Kijiji kilitoa kikapu cha ndizi na kahawa ya kwetu. Kisha watu wakapisha njia, na shangazi akaingia akiongoza mtamba kwa kamba.

Alikuwa amemwogesha. Lile baka la begani lilikuwa jeupe kama kitambaa cha kanisani. Shangazi alisimama mbele ya Meya, akaweka kamba kwenye kiganja cha mkono wa kulia, wa kushoto akaushikiza kwenye kiwiko, akainama kidogo. Akasema kwa Kikurya, na mimi nikageuza, kwamba yeye ni mjane wa ng'ambo ya kijito, kwamba huyu ni mtoto wa ng'ombe wake na tumboni ana mtoto wake, na kwamba anampa mgeni ili wawe ndugu.

Meya alisimama haraka. Uso wake ulifurahi kwanza, halafu ukawa na wasiwasi. Akasema anashukuru sana sana, lakini hawezi kupokea. Kwao diwani hapokei zawadi kubwa, ni sheria ya maadili, na hata bila sheria hawezi kumchukua ng'ombe wa mama huyu.

Nikatafsiri. Kwetu kukataliwa ng'ombe ni kusukumwa mlangoni. Shangazi hakurudisha mkono, aliuacha pale umenyooka, kamba juu yake.

Mimi nikainama sikioni kwake nikamnong'oneza, "Usirudi nyuma. Wenye mali ndivyo wanavyokataa. Sema la daraja sasa."

Akasema la daraja. Akaomba pingili. Moja tu, akasema, ya madaraja, akiahidi kuirudisha kazi ikiisha.

Nikalitafsiri hilo kwa Kiingereza changu chote. Meya akaniomba nirudie. Nikarudia, tena nikaongeza maelezo kwa hisani yangu: kwamba sisi tunajua kila pingili ni huduma gani, asione haya. Nikamwonyesha kwa kidole pingili niliyodhani ndiyo ya madaraja, ilikuwa kubwa kidogo kuliko zingine.

Hakucheka. Laiti angecheka. Alinitazama, akamtazama shangazi, akautazama ule mkono ulionyooka, na nikaona ameelewa yote, pamoja na mimi ni nani katika jambo hili. Akavuta kiti cha plastiki akakaa karibu na shangazi, akaomba shangazi naye apewe kiti. Kisha akauvua mkufu akamwekea mapajani. Shangazi akaacha kamba ili aushike, akashtuka jinsi ulivyo mwepesi. Aliniangalia. Ninaweza kuwa nimetia chumvi katika mengi, lakini mtazamo ule siwezi kuuongeza wala kuupunguza.

Meya akaniambia atasema sentensi moja moja, na mimi niseme kila moja kama ilivyo, nisiongeze na nisiache kitu. Masikio yangu yalikuwa yanawaka kiasi kwamba mtu angeweza kuchomea mahindi. Akaanza, na mimi nikaanza, sauti yangu ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Kutoka nyuma diwani akasema, bila ubaya wowote, "Sauti, mura. Huku hatusikii."

Nikapandisha sauti. Kijiji kizima kikasikia haya kutoka kinywani mwangu mwenyewe, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kikurya ili wazee wasiachwe:

"Mama, huu mkufu ni pambo. Si wangu, ni wa manispaa, na leo nimeuvaa kwa sababu watoto wa shule waliomba kuuona. Tazama pingili. Kila moja ina jina la mtu aliyewahi kuwa meya akaondoka. Hakuna barabara humu ndani, wala maji, wala daraja. Madiwani wenzangu wamenichagua niongoze vikao vyao kwa mwaka mmoja na kufungua sherehe. Mwakani anavaa mwingine. Mimi sina bajeti. Kwetu anayeongoza madiwani kuipanga bajeti ni kiongozi wa halmashauri, na ni yule bwana anayekula na madereva nyuma ya darasa. Lakini hata yeye hawezi kukujengea daraja, kwa sababu fedha za watu wetu ni za watu wetu, na hata kwetu madaraja siyo yetu. Kwetu mtu akiwa na shida kama yako anakwenda kwa diwani aliyemchagua, bure, na akikawia anakwenda tena. Wako amekaa pale. Ameniambia leo asubuhi kwa Kiingereza chake kidogo, kabla hujaja, kwamba kuna mama mmoja wa ng'ambo ya kijito ambaye kila kikao anaulizia daraja, na kwamba ni kwa ajili yake halijasahaulika. Mchukue ng'ombe wako umrudishe nyumbani, mama. Na wewe mkalimani, mwambie hili nalo kwa sauti, maana ni lako: hakuna mtu kwetu anayechomoa pingili. Uliyoambiwa si kweli."